Ile nyota inayotembea jioni



Tangu kipindi cha wiki iliyopita, swali moja limerudi mara nyingi kuliko bei ya unga wa mihogo: ile taa inayopita angani jioni bila kelele ni droni? Mama mmoja aliyehama Kanyabayonga, ambaye sasa anaishi kwa familia iliyomupokea hapa Butembo, ameeleza vizuri kuliko wote. Anasema anakuwa nje na sufuria ya maharagi, taa inatokea upande wa Mangurejipa, inapanda polepole, inapita juu ya malata, halafu inazimika katikati ya mbingu kama mtu ameipulizia. Mara mbili ameingiza watoto ndani na kumwagia moto maji. Mara mbili wamelala bila kula, maharagi yakiwa mabichi.

Nilimujibu hewani, lakini dakika tatu za redio ni kidogo, na kwetu kitu kinachoruka usiku si jambo la kujibu kwa haraka. Basi naandika hapa kwa urefu.

Mama, kwa jinsi ulivyoeleza, kile ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Ni nyumba ya chuma na sola, ina urefu wa mita 109, karibu na kiwanja cha mpira, na ndani yake wanaishi watu. Tangu Novemba 2000 haijabaki tupu hata siku moja. Inapita juu, kilometa 400 hivi, ni kama kutoka Butembo kuelekea Kisangani kwa mstari ulionyooka, ila umeusimamisha wima. Haina taa ya kutuonyesha. Tunachokiona ni jua. Hapa chini jua limekwisha kuzama, lakini kule juu bado linapiga zile sola, zinang'aa. Kituo kinapoingia katika kivuli cha dunia, kinazimika. Ndiyo sababu inaonekana kama imepuliziwa, na ndiyo sababu huioni saa sita za usiku: saa ile hata yenyewe iko gizani. Kwetu huku jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo itafute kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu hivi, ao alfajiri mbele ya jua kutoka.

Tena kuna alama ambayo haidanganyi. Kituo kinatoka daima upande wa magharibi kwenda mashariki: kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ao kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Hakigeuki. Hakisimami. Hakipepesi macho kama ndege ya abiria yenye taa nyekundu. Dakika tano ao sita, kimekwenda. Ukiona taa nyingi zimefuatana kama shanga kwenye uzi, hizo ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni, nazo hazina shida na wewe. Lakini ukisikia mulio, kama wa pikipiki ya mbali ao wa nyuki, ama taa ikisimama, ikigeuka, ikirudi ilikotoka, usibaki pale kuhesabu alama nilizokupa. Ingia.

Sasa wengine wameuliza: wewe mwandishi wa habari za barabara na masoko, umejulia wapi haya? Nimejulia kwenye mchezo.

Mwenzangu wa kazi alinipa kwa flashi programu inayoitwa Orbiter. Ni mchezo wa ordinateri wa kuendesha vyombo vya anga, uliotengenezwa na Martin Schweiger, mtu wa Chuo Kikuu cha London, University College. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 2000 na haujauzwa hata siku moja, ni bure. Mwaka 2021 aliufungua wote, kila mwenye ujuzi aweze kuusoma na kuurekebisha. Unakubali hata kwenye mashine ya zamani kama yangu, ambayo batri yake inashika saa moja na nusu tu. Vijana wa kartie walipouona mara ya kwanza waliuliza: tunapiga nani? Hakuna wa kupiga. Hakuna alama, hakuna adui, hakuna muziki wa kukusifu. Kuna dunia, kuna mwezi, kuna uvutano, kuna mafuta yanayopungua. Unaweza kubaki dakika ishirini ukitazama namba za kijani tu. Wengi walichoka na kurudi kwenye mpira.

Mmoja hakuchoka. Ni kijana wa miaka kumi na sita, wa mwaka wa nne wa sekondari, mutoto wa yule mama wa maharagi. Tunacheza pamoja jioni fulani redioni, wakati sola imejaa na hakuna kipindi cha kurekodi.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuhamisha chombo. Katika Orbiter, mahali pa kuondokea pameandikwa katika faili ya maandishi ya kawaida, hata simu inaweza kuifungua. Tulifuta namba za Florida, tukaandika 29.3 na 0.1, yaani Butembo. Mchezo ukatuweka juu ya kilima chetu, bila nyumba, bila soko, bila chukudu, udongo tu na mbingu. Kijana alicheka: "Kaka, wametuhamisha wote!"

Na hapa nitasifu mji wetu kidogo, maana hausifiwi mara nyingi. Ikweta inapita hapa kando yetu. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndipo inakwenda mbio zaidi, kama kilometa 1,670 kwa saa. Roketi inayoondoka kwenye ikweta kuelekea mashariki inapewa mwendo ule bila kulipa. Wafaransa wanajua, ndiyo maana wanarushia zao Kourou, kule Guyana, digrii tano tu toka ikweta. Waitalia walijua, wakasimamisha jukwaa baharini mbele ya Malindi, inchini Kenya. Toka pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Wamarekani walirusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kuchunguza mionzi ya nyota. Jina la Kiswahili lilizunguka dunia namna hiyo.

Lakini kwenda kwenye Kituo, huwezi kuelekea mashariki tu. Njia yake imelala upande kwa digrii 51.6 toka ikweta. Basi toka Butembo unaelekeza pua kaskazini-mashariki, unapita karibu na juu ya Bunia, unavuka Uganda, na baada ya dakika nane ao tisa uko katika mzunguko. Tena huondoki saa unayotaka. Unangoja dunia ijizungushe mpaka Butembo ifike chini ya njia ile, mara mbili kwa siku. Ukikosa, unangoja. Yeyote aliyewahi kungojea lori la Kasindi anaelewa.

Kuhusu mwendo: Kituo kinakata kilometa saba na nusu na zaidi katika sekunde moja. Butembo mpaka Beni, zile kilometa 54 tunazozijua kwa vizuizi vyake, ni sekunde saba. Goma mpaka Kinshasa haifiki dakika nne. Dunia nzima ni dakika tisini na mbili hivi. Kwa hiyo batri ya mashine yangu inatosha karibu mzunguko mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililotushika wiki nyingi, ambalo nadhani ni zuri kuliko yote katika elimu hii: namna ya kumufikia mwenzako aliye mbele.

Kijana aliona Kituo mbele yake, kilometa kumi hivi, kwenye mzunguko uleule. Akafanya kile ambacho kila motari angefanya: akaelekeza pua, akatia mafuta. Kituo kikaanza kushuka chini ya dirisha, halafu kikasonga mbele zaidi. Akatia tena. Kikaenda mbali tena. "Kaka, kinanikimbia," akasema. Hakikumukimbia. Kituo kilikuwa kinaanguka kama kawaida yake.

Maana kule juu hakuna aliyesimama, wote wanaanguka. Watu wanadhani kwamba wanaelea kwa sababu uvutano umekwisha. Sivyo. Kwenye kilometa 400 uvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa sokoni. Wanaanguka kweli, lakini wana mwendo wa kando mkubwa hivi kwamba wanapoanguka, dunia nayo imejikunja chini yao, na hawaipati. Sasa ukiongeza mwendo, mzunguko wako unapanuka, unapanda juu, na juu njia ni ndefu na mwendo ni wa polepole. Umekanyaga mafuta, umechelewa. Ukitaka kumufikia aliye mbele, unafunga breki. Unashuka kidogo, unapita njia fupi ya chini ambako mambo yanakwenda haraka, unamupunguzia umbali, kisha unapanda mbele yake ao kando yake. Mwalimu wetu wa fizike alituandikia sheria za Kepler kwenye ubao, tukazikariri kwa ajili ya mitihani ya Serikali, na hakuna aliyetuambia kwamba ndani yake kuna mambo kama haya.

Kijana asione haya, maana Wamarekani wenyewe waliumia hapo. Juni 1965, James McDivitt katika chombo cha Gemini 4 alijaribu kukaribia kipande cha roketi yake kilichokuwa kinaelea karibu. Alikiona kwa macho, akakielekea, akatumia mafuta mengi, kikazidi kwenda mbali. Alikuwa rubani wa ndege za kivita, mtu hodari, na mikono yake ilijua hewa. Kule hakuna hewa. Ilibidi aache. Desemba mwaka uleule Gemini 6 ilifika karibu na Gemini 7, chini ya mita moja, kwa sababu walihesabu mbele ya kutia mafuta. Machi 1966 Neil Armstrong na David Scott walishikanisha vyombo viwili mara ya kwanza. Na Buzz Aldrin, yule wa pili kukanyaga mwezi, alikuwa ameandika kazi yake ya udaktari mwaka 1963 juu ya kitu hiki tu: namna ya watu kukutana katika mzunguko.

Kijana alikunja uso, akachukua daftari. Siku ya nne alifunga breki kwa sekunde chache tu, akakunja mikono, akangoja. Kituo kikaanza kukua dirishani chenyewe. Hakuna aliyesema neno. Hata fundi wa mitambo, ambaye anauita huu mchezo "sinema isiyo na watu", alisimama mulangoni.

Siyo wote waliofurahi niliposimulia haya kwenye kipindi. Baba mmoja wa Lubero alinipigia: watu wanalala chini ya bashi, wewe unatuletea mwezi? Nilimwacha aseme yote, na nilimurusha hewani bila kumukata, maana ana haki. Fedha za roketi moja zingejenga barabara yetu. Ila simuungi mukono mpaka mwisho. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na kisha ardhi ya Goma ikabaki inatetemeka siku nyingi, setilaiti za rada za Ulaya ndizo zilizopima namna udongo ulivyopanuka, zikaonyesha kwamba uji wa moto umeingia chini ya mji na chini ya ziwa. Hesabu hizo zilikuwa mezani wakati amri ya kuhama ilipotolewa tarehe 27. Waliotembea kwenda Sake usiku ule wanakumbuka amri. Mashine iliyokuwa juu hawakuiona. Na tukizungumza deni, tuseme lote: ndani ya vyombo vya namna hii muna tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Hatuko mbali na anga kama tunavyodhani. Tumekwisha kuchangia, bila risiti.

Tena si kweli kwamba inchi yetu haijaonja roketi. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani, OTRAG, iliyopewa na Mobutu eneo kubwa sana kule Shaba, ilirusha roketi tatu kwenye bonde la mto Luvua. Ya tatu, Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa pale anatazama, ilipinda na kuanguka. Mwaka 1979 waliambiwa waondoke, wakaenda Libya. Zile zilikuwa za wageni. Baadaye Mukongomani, Jean-Patrice Keka, injinia, alijenga zake huko Menkao karibu na Kinshasa na kuziita Troposphère. Mwaka 2009 alitia panya katika moja, nayo ikapinda. Watu wengi walicheka kwenye intaneti. Mimi nilipotazama picha zake sikucheka. Yule mtu ana kalamu mfukoni, na anahesabu kurudi nyuma kwa Kifaransa mbele ya ordinateri ambazo hazishindi yangu. Panya nilimuonea huruma.

Yule mama wa Kanyabayonga alikuja redioni mwenyewe kuchukua mutoto wake, siku moja mvua ilipomuchelewesha. Alitaka kujua nani anaishi katika ile taa. Nikamusimulia Butch Wilmore na Suni Williams. Waliondoka duniani tarehe 5 Juni 2024, kwa siku nane hivi. Chombo chao, Starliner, kikaonyesha kasoro, wakubwa wakaogopa kuwarudisha nacho, kikarudi tupu Septemba. Wao wakabaki. Walirudi tarehe 18 Machi 2025, siku 286, kwa chombo kingine.

Akaniuliza tena: Juni ya mwaka gani? 2024. Akatingisha kichwa. Yeye alitoka Kanyabayonga Juni ileile, mwisho wa mwezi, na godoro moja na watoto wanne, akimwambia jirani yake kwamba ni kwa siku tatu. "Basi tuliondoka pamoja," akasema. "Wao wamefika."

Nikamwambia juu ya Sergei Krikalev, maana huyo ndiye ninayemufikiria zaidi. Alipanda kwenye kituo cha Mir Mei 1991, akitumwa na Umoja wa Kisovieti. Alitakiwa kurudi baada ya miezi mitano. Lakini fedha zilikuwa shida na siasa zilikuwa moto; ile nafasi ya mutu wa kumupokea ilipewa mutu wa Kazakhstan ambaye hakuandaliwa kubaki siku nyingi, ndipo Krikalev akaombwa akae. Akakaa. Akiwa juu, mji wake Leningrad ukabadilishwa jina kuwa Saint Petersburg. Desemba inchi iliyomutuma ikafutika. Alikuwa anaizunguka mara kumi na sita kwa siku wakati haiko tena. Alikuwa na redio ndogo ya wapenda mawasiliano, akizungumza na watu wa chini, kati yao mwanamke mmoja wa Australia aliyekuwa akimupasha habari. Kwa sisi wa redio, hicho ni kipande ninachokipenda. Alishuka tarehe 25 Machi 1992, baada ya siku 311, katika Kazakhstan, ambayo sasa ilikuwa inchi nyingine. Walimubeba, miguu haikuwa na nguvu.

Mama hakuuliza juu ya inchi kufutika. Aliuliza: mke alimukuta? Ndiyo, mama, mke na binti yao mdogo. Alishika hilo. Kisha akauliza kama huyo mutu alikubali kupanda tena. Alikubali. Mwaka 1994 alipanda kwa chombo cha Wamarekani, na Novemba 2000 alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kuishi katika ile taa unayoiogopa. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema atawaambia wanawake wa bomba la maji.

Kijana hakufuata mazungumzo yetu. Alikuwa amefungua ile faili ya maandishi na kufuta namba za Butembo. Ameandika 29.2 na -0.7. Niliangalia kwenye ramani: ni Kanyabayonga. Toka hapa ni kilometa 90 hivi kwa mstari ulionyooka, sekunde kumi na mbili za Kituo. Anataka kuondoka kwenye Kituo na kutua kule.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Ili uguse Kanyabayonga lazima ufunge breki upande wa pili wa dunia, juu ya Bahari ya Pasifiki, wakati hakuna chochote unachokitambua dirishani, maji tu. Ukichelewa sekunde kumi, umepita kwa kilometa zaidi ya sabini. Mara ya kwanza alianguka katika ziwa Edward. Mara ya pili alifunga breki mapema, akashukia katika misitu ya Walikale. Mara ya tatu alikuwa anakuja vizuri, moto umekwisha kupungua kwenye kioo, mbawa zimeshika hewa, na batri ikakatika.

Leo jua limewaka tangu asubuhi na sola imejaa. Amesema atakuja baada ya masomo.